Vijana wa Beni, intaneti inaamuliwa bila nyinyi: mpaka lini?



Juma iliyopita nilikuwa Oicha, kwenye kibanda cha kuchaji simu. Msichana mmoja wa miaka kama 19, aliyekimbia kutoka upande wa Eringeti, alifika hapo kwa mara ya tatu kuomba kadi ya SIM. Mama yake alikuwa ameambiwa kwamba msaada utatumwa kwa simu. Muuzaji akamjibu kama siku zile nyingine: bila karte ya uchaguzi, hakuna SIM. Karte ya msichana iliungua ndani ya nyumba yao. Ya mama yake ilibaki njiani usiku ule walipokimbia.

Kijana mmoja aliyekuwa akingoja simu yake ijae akamwambia: « Dada, mambo ya rezo ni ya wakubwa wa Kinshasa. Sisi kazi yetu ni kununua unite tu. » Watu wakacheka. Msichana akageuka kunitazama, akauliza: « Yaya, wewe unayeandika habari, ni nani aliyeweka sheria hiyo? Nimuone wapi? »

Sikuwa na jibu fupi. Ninaandika leo kwa ajili ya swali lake, na ninaandika kupinga neno la yule kijana, kwa sababu neno lake ndilo linalotufunga. Kila mara tunaposema mambo ya intaneti ni ya wakubwa, tunawaachia wakubwa waamue peke yao, kisha tunalia wakati uamuzi umekwisha kutufikia mfukoni.

Tuanze na maana. Watu husema « utawala wa intaneti » na wengi wetu tunafikiri ni kazi ya mainjinia wenye kompyuta kubwa. Fikirini barabara ya Beni kwenda Kasindi. Kuna aliyeamua ipite wapi. Kuna anayeweka kizuizi na anayetoza pesa ya kupita. Kuna anayeweza kusema leo hakuna gari kupita. Na kuna madereva, wachuuzi na wasafiri wanaotumia barabara hiyo kila siku. Intaneti ni hivyo hivyo. Mwaka 2005, kule Tunis, nchi za dunia zilikubaliana kwamba kanuni za intaneti zinatungwa na serikali, makampuni na raia, kila mmoja kwa nafasi yake. Raia wametajwa hapo. Wewe kijana wa Mbau, wa Kamango, wa Mangina, umetajwa hapo. Lakini kiti chako kiko wazi, na mtu mwingine ameweka mguu wake juu yake.

Mkitaka kujua kiti kikiwa wazi kinatokea nini, kumbukeni tuliyopitia.

Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali ilikata SMS nchi nzima kwa zaidi ya majuma matatu. Januari 2015, watu walipoandamana kupinga mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, intaneti na SMS zikakatwa. Desemba 2016, muhula wa Rais Kabila ulipofika mwisho, mitandao ya kijamii ikafungwa. Kisha ukaja mwaka ambao sisi wa Beni hatutausahau. Tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi, hawatapiga kura pamoja na wengine. Sababu iliyotolewa kwetu ilikuwa Ebola na usalama mdogo. Wenzetu nchini wakapiga kura tarehe 30. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ikazimwa nchi nzima, na SMS pia, kwa muda wa karibu siku 20. Sisi tulipoteza kura, na kabla machozi hayajakauka tukapoteza na sauti ya kulalamika. Tulipokuja kupiga kura yetu Machi 2019, rais alikuwa amekwisha kuapishwa tangu Januari.

Na tusisahau hali tuliyokuwemo siku zile. Ebola ilikuwa imetangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018. Ilipokwisha Juni 2020, ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Mtu aliyeona dalili kwa mtoto wake alihitaji kupiga simu, kuuliza, kupata habari ya kweli. Katikati ya ugonjwa huo, mtu mmoja ofisini aliamua kuzima rezo. Je, alimuuliza muuguzi mmoja wa Beni? Alimuuliza mzazi mmoja?

Watawala watasema: sheria iliruhusu. Ni kweli, na hilo ndilo la kutisha. Sheria ya mawasiliano ya 2002 iliipa serikali nguvu ya kukataza matumizi ya mawasiliano kwa sababu za usalama wa umma na ulinzi wa nchi. Watu walioiandika walikaa mezani. Vijana hawakuwemo. Sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine ya tarehe 25 Novemba 2020. Nani kati yetu aliisoma ilipokuwa bado ni mswada? Nani aliuliza kama nguvu ile ya kuzima imebaki, na kama imebaki, jaji yuko wapi ndani yake? Mimi mwenyewe niliisoma ilipokwisha kupita. Ninaona haya kusema hivyo, lakini ni kweli.

Kisha kuna ile hadithi ya RAM. Tangu Septemba 2020 unite zilianza kutoweka kwenye simu zetu. Tuliambiwa ni kwa ajili ya kuandikisha vifaa na kuzuia simu za wizi. Dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya intaneti. Kwa mtu wa mshahara wa Gombe, dola 7 ni chakula cha mchana. Kwa mama anayeuza mafuta ya mawese katika kilo mbili tatu kwa siku, ni mtaji. Vijana walipiga kelele, wakaandamana, wengine wakakamatwa. Wabunge wakaanza kuuliza maswali. Mwanzoni mwa 2022 serikali ikaifuta.

Somo la RAM lina pande mbili, na ninaomba msichukue upande mmoja tu. Upande wa kwanza: kelele zetu zina nguvu. Yeyote anayewaambia kwamba raia hawezi kitu, mkumbusheni RAM. Upande wa pili: tulipiga kelele baada ya kulipa. Zaidi ya mwaka mzima pesa ilitoka. Hakuna mwenye kibanda wala mama wa sokoni aliyerudishiwa franka yake. Kama kijana mmoja mwenye kalamu angekuwa amekaa pale siku wazo hilo lilipozaliwa, akauliza pesa hii itaingia mfuko gani, tungeokoa mengi. Ndiyo maana ninasema maandamano hayatoshi. Anayefika baada ya chakula kugawanywa hupewa sufuria aoshe.

Sasa nisikilize visingizio vyetu, maana najua vitaletwa.

Cha kwanza: « Sisi tuna vita, watu wanachinjwa mashambani, wewe unatuletea mambo ya mega? » Ninaheshimu uchungu huo. Nami nimezika. Lakini jiulizeni: kijiji kinapovamiwa usiku, watu wanajulishana kwa njia gani? Familia zilizotawanyika zinatafutana kwa njia gani? Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, mabenki yalifunga milango, na watu wakaishi kwa pesa ya simu. Siku chache baadaye mtandao wa X nao ukazuiwa nchini. Kwa mhami, rezo ni njia ya kukimbia, ni benki, na ni njia ya kumtafuta mtoto aliyepotea. Mwenye kuamua juu ya rezo anaamua juu ya maisha yake. Na hata hizi simu zenyewe zina damu yetu ndani: inakadiriwa kwamba karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia hutoka Rubaya, huko Masisi, katika jimbo letu hili hili. Jiwe linatoka kwetu, na sisi hatuna neno juu ya kinachotengenezwa kwalo.

Cha pili: « Hatukusoma mambo ya kompyuta. » Je, wabunge waliopitisha sheria walisoma kompyuta? Yule msichana wa Oicha hakuhitaji diploma kuuliza nani aliweka sheria ya SIM. Swali lake ni utawala wa intaneti wenyewe. Kusema kwamba mtu aliyepoteza karte kwa vita apewe njia nyingine ya kujitambulisha, kwa ushahidi wa chifu wake au wa kamati ya kambi, hakuhitaji injinia. Kunahitaji mtu aliyeishi jambo hilo na asiyeogopa kulisema.

Cha tatu, hiki ni cha watawala: « Tunazima ili kuzuia uongo na chuki. » Hapa sitawadanganya. Uongo upo na umetuua. Wakati wa Ebola tuliona sauti za WhatsApp zikisema ugonjwa ni biashara, na watu wakaficha wagonjwa wao mpaka wakafa pamoja nao. Leo bado tunaona picha za maiti za nchi nyingine, za miaka ya nyuma, zikipitishwa kama za Beni ya jana. Tunaona maneno ya kuchochea kabila moja juu ya lingine. Lakini wakati rezo inapozimwa, uongo hutembea kwa miguu na kwa pikipiki, na ukweli ndio unaobaki bila njia. Daktari hawezi tena kujibu, redio haiwezi tena kupokea simu ya shahidi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika tamko lake la 2019, ilisema wazi kwamba dola hazipaswi kukata intaneti wala kukubali ikatwe. Na mahakama ya nchi za Afrika ya Magharibi, Juni 2020, iliihukumu Togo kwa kuzima intaneti mwaka 2017. Kwa hiyo serikali zinaweza kushitakiwa na kushindwa.

Cha nne ni cha vijana wenzetu wa mikutanoni. Mnawajua. Kila semina wao, kila picha na wageni wao, kila perdiem wao. Wanarudi na kofia na begi lenye maandishi, na hakuna hata mtu mmoja wa kata yao anayejua walisema nini huko. Wanajiita sauti ya vijana wa Kivu, na tangu miaka miwili hawajakanyaga kambi. Ninawaambia bila kuficha: kiti mlichokalia si chenu. Mkienda, mtuambie kabla mnabeba maneno ya nani, na mkirudi, mje redioni mtoe hesabu.

Sasa, kijana anayetaka kuingia aanzie wapi? Nitasema mambo ambayo mtu anaweza kuyaanza hata akiwa na simu moja ya watu kumi.

Mwanzo ni Katiba yetu. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kupeleka madai ya maandishi kwa mamlaka ya umma, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Hiyo ni silaha iliyokaa kabatini. Tuandike madai juu ya SIM za wahami. Tuweke sahihi, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Nakala moja kwa ARPTC, ile mamlaka inayosimamia posta na simu, moja kwa wabunge wetu, moja kwa utawala wa jimbo ulio hapa Beni tangu Goma ianguke. Kisha tuhesabu siku, na kila mwisho wa mwezi tuseme hewani: siku 30 zimepita, siku 60 zimepita.

Jambo la pili ni daftari. Kila kata iwe na kijana mmoja anayeandika: rezo ilipotea siku gani, saa ngapi, ikarudi lini, mega za franka ngapi zilikwisha bila kutumiwa. Malalamiko ya mdomo hujibiwa kwa ahadi za mdomo. Daftari la miezi 3 ni ushahidi, na mbunge au mwanasheria anaweza kulishika mkononi.

Jambo la tatu ni lugha. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria kubwa ya mambo haya, inayoitwa kwa Kifaransa Code du numérique. Ndani yake mna mambo ya biashara ya mtandaoni, makosa ya mtandaoni, na ulinzi wa habari za mtu binafsi. Kiswahili ni lugha ya taifa kwa Katiba hiyo hiyo. Wanafunzi wa sheria wa hapa Beni na Butembo, mna kazi: chukueni kifungu kimoja kwa juma, mkieleze kwa Kiswahili cha nyumbani. Redio za hapa zina masikio. Mtu hawezi kutetea haki asiyoweza kuisoma.

Hapo hapo niseme neno kwa mashirika ya misaada. Mnapowaandikisha wahami mnachukua majina, simu, picha na alama za vidole. Wahami hawakatai, kwa sababu njaa haijui kukataa. Lakini waelezeni: habari hizo zinawekwa wapi, nani anaziona, zitafutwa lini? Orodha ya watu waliokimbia, ikianguka mikononi mwa adui, inaweza kuwa orodha ya kuua. Kamati za kambi ziwe na kijana mmoja wa kiume na mmoja wa kike wenye kazi ya kuuliza maswali haya tu.

Jambo la nne ni meza za nje. Kuna Jukwaa la Umoja wa Mataifa la utawala wa intaneti, IGF, lililoanza Athens mwaka 2006. Lilikaa Nairobi mwaka 2011 na Addis Ababa mwaka 2022. Kuingia ni bure, na mtu anaweza kufuata na kusema kutoka mbali kwa intaneti. Kuna ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani. Lina mpango wa wanafunzi wa miaka 18 hadi 30. Kuna Internet Society yenye masomo ya bure. Kuna shule ya Afrika ya utawala wa intaneti, inayofundisha tangu 2013. Na tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiswahili ni lugha yetu sote. Kijana wa Oicha anayeogopa Kifaransa cha Kinshasa na Kiingereza cha Geneva anaweza kumwandikia mwenzake wa Dodoma au Mombasa bila mkalimani.

Najua mega ni ghali. Basi msifuate kila mmoja peke yake. Watu kumi wachange, wakae kwenye simu moja, mmoja aandike, wengine wasikilize, kisha waje kutueleza.

Na nyinyi mnaotawala, kiraia au kijeshi, neno langu ni fupi. Tangu Mei 2021 tuko chini ya hali ya dharura, na mnatuambia kila siku tushirikiane kwa ajili ya usalama. Sawa. Ushirikiano una njia mbili. Mkitaka tuwape habari kwa simu, msituzimie simu. Mkitaka vijana wasiingie msituni, wapeni mahali pa kusemea mjini. Mkitaka kuandika sheria au kodi mpya juu ya rezo, ileteni kwanza hapa, kwa lugha yetu, kabla ya kuipigia muhuri.

Kesho kutwa ninarudi Oicha, kwenye kibanda kile kile, saa nne ya asubuhi. Nitabeba karatasi na wino. Madai ya kwanza yatakuwa ya yule msichana: mtu aliyepoteza karte kwa vita aweze kupata SIM kwa ushahidi wa wanaomjua. Mwenye jirani mhami amlete. Na yule kijana aliyecheka, kama ananisikia, namwomba aje pia. Anajua kuandika vizuri, nilimwona, na tutahitaji watu wa kuandika majina.